Kwa Neema, Kabla Hujaupanda Mlima

Moshi,
18 Oktoba

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako umenifikia, na wa mama yako umenifikia siku hiyohiyo. Wewe umeandika kwamba Aprili 14 unatimiza miaka 30, na unataka jua la siku hiyo lichomoze ukiwa umesimama kwenye kilele cha Uhuru, juu kabisa ya Kibo, Kilimanjaro. Mama yako ameandika akiniomba nikuzuie. Sikuzuii. Nakuandikia ili uende, ila kuna jambo moja katika mpango wako nataka ulibadilishe kabla hujamlipa mtu hata shilingi. Ni hiyo tarehe.

Maneno yanayosemwa nyumbani nayajua: kwamba binti wa umri wako afikirie harusi na aache mambo ya Wazungu ya kupanda milima. Mimi ni dada wa baba yako na nina haki ya kusema. Umefanya kazi kwa bidii, umemsomesha mdogo wako hadi akamaliza chuo, unalipa kodi ya nyumba yako mwenyewe huko Mwanza. Miaka yako ni yako kuisherehekea. Tena umechagua jambo litakalokutoa jasho wewe mwenyewe, hukuchagua ukumbi wa kukodi na kadi za michango. Hilo limenifurahisha kuliko nilivyoweza kukuambia kwenye simu. Na mlima huu si wa Wazungu. Nenda langoni Desemba 9 uone Watanzania wanavyojaa kupanda kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru.

Lakini tarehe, mwanangu. Babu yako hakuijua yake. Alijua tu kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna kahawa, na ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyake aliipanga karani. Sisemi hivyo kuidharau siku yako. Nataka ukumbuke kwamba Aprili 14 ina maana kwako na kwetu tunaokupenda, na mlima hauna habari nayo. Aprili ni masika. Sisi tunaoishi hapa chini hupitisha siku nyingi za mwezi huo bila kukiona Kibo hata mara moja. Msituni njia inakuwa tope, nguo zikilowa hazikauki, na mvua ya huku chini kule juu ni theluji. Wapo watakaokubali kukupandisha, tena kwa bei nafuu, kwa kuwa wageni ni wachache. Unafuu huo usikuvute. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba.

Halafu hiyo ratiba ya siku tano kwa njia ya Marangu uliyonitumia. Nimeisoma kama muuguzi, nikaikataa kama muuguzi. Unaanzia langoni, kama mita 1,860. Usiku wa kwanza unalala vibanda vya Mandara, mita 2,700 hivi. Wa pili Horombo, 3,700. Siku ya tatu unafika vibanda vya Kibo, 4,700, unajilaza saa chache bila usingizi wa maana, na usiku wa manane huohuo unaamshwa kukiendea kilele chenye mita 5,895. Watu husema juu oksijeni huisha. Hapana, sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na pale Uhuru ni karibu nusu ya ule wa ufukweni, kwa hiyo kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga anaipata bila kufikiri. Mwili unajua kujirekebisha. Unaongeza kasi ya kupumua, figo zinasaidia, damu nayo inabadilika, lakini kazi hiyo inahitaji siku kadhaa na haiharakishwi kwa ujana wala kwa mazoezi. Nimewaona vijana wakimbiaji wakilala chini pale ambapo mama mnene aliyekwenda taratibu amepita.

Kwa hiyo, kama ni Marangu, chukua angalau siku sita, ile ya ziada ukiitumia Horombo. Siku hiyo utapanda hadi kwenye miamba yenye mistari kama ya pundamilia, karibu mita 4,000, kisha utarudi kulala palepale. Wengi huiona ni siku iliyopotea. Mimi naiona ndiyo siku yenyewe unayoilipia. Na kama mfuko unaruhusu, njia ya Lemosho inayoanzia upande wa magharibi, ya siku saba au nane, inaupa mwili nafasi zaidi.

Sasa nikusimulie habari ya mtu aliyetimiza miaka yake kulekule unakotaka wewe. Ludwig Purtscheller alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Salzburg, Austria, aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 1849. Tarehe 6 Oktoba 1889, siku aliyofikisha miaka 40, yeye na Mjerumani Hans Meyer walisimama juu ya Kibo, na hao ndio wa kwanza ambao habari zao zimeandikwa kuwa walifika pale. Ukiisikia hivyo tu utadhani walipanga siku wakaitimiza. Haikuwa hivyo. Meyer alijaribu mwaka 1887, barafu ikamrudisha. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilimkuta njiani, akakamatwa, akaachiwa kwa fidia. Alipokuja tena mwaka 1889 akiwa na Purtscheller, walifika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba na kukiona kilele kiko mbele yao, si mbali. Muda ulikuwa umekwenda na nguvu zilikuwa zimewaishia. Wakageuka, wakashuka, wakapumzika, wakapanda tena.

Fikiria walivyoweza kupanda tena. Safari hiyo Meyer alikuwa amepanga kambi kadhaa njiani na kuziwekea chakula, ili wakishindwa kileleni wasilazimike kushuka hadi chini kabisa. Kule Marangu walipokewa na Mangi Marealle. Kwenye kambi ya juu, penye baridi ya kugandisha maji, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akiwapikia na kuwangoja. Watu wa Marangu wanamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa kwao, kuwa ndiye aliyewaongoza. Siku ya kuzaliwa ilimkuta Purtscheller kileleni kwa sababu kulikuwa na akiba ya chakula, ya siku na ya watu, iliyowaruhusu kugeuka tarehe 3 bila kupoteza kila kitu.

Wewe katika mpango wako hukuacha akiba hiyo. Likizo yako yote umeiweka Aprili, pesa zote kwenye safari moja, na marafiki umeshawaambia saa utakayowatumia picha. Kiongozi akikuambia mita mia mbili kabla ya kilele kwamba ugeuke, utageuka? Nakufahamu. Utasema, dakika kumi tu, leo ni siku yangu.

Mimi nilipotimiza miaka 50 nilipanda na wauguzi wenzangu, mwezi wa Septemba. Tulitoka vibanda vya Kibo usiku wa manane, taa za kichwani mbele na nyuma yetu, changarawe inateleza chini ya buti, kila hatua mbili unarudi moja. Kulipopambazuka nilikuwa Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, na kilele cha Mawenzi kiko chini ya macho yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliwaza tangu nizaliwe chini ya mlima huu. Nililia. Kiongozi wetu hakunipongeza kwanza. Alinitazama nilivyokuwa nikitembea, akaniambia nitembee mstari mmoja, kisigino mbele ya kidole. Nikayumba. Akasema, "Mama, tunashuka." Tukashuka. Cheti cha Gilman's unachokiona sebuleni kwangu ndicho hicho, na katika mambo niliyoyafanya maishani sidhani kama lipo lililo sahihi zaidi ya ile safari ya kushuka. Nilipofika Horombo nilikuwa mzima, nakula supu.

Wodini nimewapokea ambao hawakushuka mapema. Waliletwa hadi langoni kwa ile machela ya gurudumu moja, usiku, wapagazi wakikimbia nayo kwenye mawe. Wengi walisema jambo lilelile: kichwa kilikuwa kinauma tangu jana, nikanyamaza nisije nikarudishwa. Kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, hayo huwapata wengi na mara nyingi hutulia ukipumzika. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa maneno, akahema hata akiwa ameketi, au akakohoa makohozi yenye povu, huyo ubongo wake unavimba au mapafu yake yanajaa maji. Oksijeni ya chupa husaidia kwa muda. Tiba ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya kuzaliwa. Kila jioni kiongozi atakuuliza hali yako na kukubana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni. Mwambie ukweli wote. Dawa ya acetazolamide ipo, na huwasaidia wengi kuzoea, ila uinywe kwa ushauri wa daktari atakayekupima presha na moyo kwanza. Vidonge vya usingizi usivipeleke mlimani kabisa.

Umeandika pia kuhusu keki. Rafiki zako wanataka ipande nanyi hadi Kibo, na maputo. Keki hiyo, Neema, itapanda juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi wanatoka vijiji vyetu hivihivi, wengine ni watoto wa watu tuliosali nao kanisa moja. Wanakunja mahema na vyombo baada ya nyinyi kuondoka, wanawapita njiani, na mkifika maji ya kuoga yako tayari. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na wapo wanaobebeshwa zaidi mizani ikiwa mbali. Kabla ya kuchagua kampuni, uliza wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi, na nani anawapa koti na buti. Kampuni ikikasirika kwa maswali hayo, achana nayo. Hapa Moshi kuna mradi unaoitwa KPAP unaofuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wapagazi, ulizia kwao. Siku ya mwisho bakshishi itolewe hadharani, kila mmoja ajue fungu lake. Wewe kama Mtanzania kiingilio chako cha hifadhi ni kidogo sana kuliko cha mgeni, basi hapo pa wapagazi usibane mkono. Keki tutaikata nyumbani kwangu.

Mazoezi uyaanze wiki hii. Mwanza Mungu amewapa vilima na mawe ya kutosha. Panda kila Jumamosi ukiwa na mkoba wenye maji mgongoni, na mabuti utakayopanda nayo uyavae tangu sasa, usiyatoe dukani ukaenda nayo mlimani. Ukiweza kupata siku chache, panda mlima Meru kwanza. Una mita 4,562, uko ndani ya hifadhi ya Arusha, na utakuonyesha mwili wako unavyopokea hewa nyepesi kabla hujakutana na Kibo. Huko juu kunywa maji hata kama huna kiu, kula hata chakula kikiwa hakikuvutii, na tembea polepole kiasi cha kuweza kuongea.

Ninachokuomba ni hiki. Panda Februari. Una miezi ya kujiandaa, na hali ya hewa itakuwa upande wako. Usichukue likizo yote kwa mpigo, wala usimalize akiba yote, ili Februari ikikurudisha njiani, Julai uweze kupanda tena bila kukopa. Picha usiziahidi kwa mtu yeyote. Aprili 14 njoo Moshi, masika au siyo masika, nitapika mtori na tutakuwa na mengi ya kuongea, uwe umefika Uhuru au umeishia Horombo. Usiogope pia kwamba umri unakukimbiza. Mwaka 2019 mama mmoja wa Marekani, Anne Lorimor, alifika kileleni akiwa na miaka 89. Wewe ndiyo kwanza 30.

Mpigie mama yako leo, usimwandikie, umpigie, na umwambie kwamba Aprili umeiacha. Nami nijibu kabla Novemba haijaisha ni Februari tarehe ngapi, na unashukia lango gani. Nataka niwepo.

Shangazi yako akupendaye,
Anna