Chimba Mpaka Chini

Ukimaliza kupanda Kitonga, Ilula haiko mbali. Wauza nyanya walilizingira basi kabla halijasimama, lakini mimi nilikuwa nimefuata uyoga. Ilikuwa Januari, mvua imenyesha usiku kucha, na bibi niliyeelekezwa kwake alikuwa keshajifunga kanga, ndoo mkononi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mjukuu wangu. Twende, jua likipanda funza watatutangulia."

Tukaacha mashamba ya vitunguu, tukaingia miomboni. Mimi niliinamia chini. Yeye alitazama miti. Ana sababu: uyoga mwingi unaoliwa eneo hili umeshikamana na mizizi ya miombo, unaipa maji na madini, nayo inaupa sukari. Mti ukiishia kwenye tanuri la mkaa, uyoga wake nao basi.

Wa kwanza ulikuwa wa njano. Akaugeuza: chini ya kofia palikuwa na makunjo manene yanayoteremka hadi kwenye shina. Ndooni. Uliofuata aliukwaruza kwa ukucha, ukatoa maziwa. Ndooni.

Wa tatu nilitaka kuuchuma juujuu, akanishika mkono. "Chimba mpaka chini." Shina likatoka na kifuko cheupe, kama ganda la yai lililopasuka. Nikasita. Vitabu vya Ulaya huogopesha watu kwa kifuko hicho, maana Amanita phalloides, uyoga unaoua ini, unacho. Ila ukoo huohuo una ndugu wanaoliwa Tanzania. Mmoja, Amanita tanzanica, ulipewa jina la kisayansi mwaka 1994 na watafiti wa Finland, akiwemo Marja Härkönen. Bibi akakagua rangi, pete, na ukingo wa kofia, akautia ndooni. Peke yangu nisingethubutu, na hata leo sithubutu.

Karibu na zizi palikuwa na mmoja mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia. Huo aliusukuma kwa mguu. "Huu ukiula, utatapika mpaka nyongo."

Niliubeba hata hivyo. Gesti nikaulaza juu ya karatasi nyeupe, nikaufunika kwa bakuli. Asubuhi karatasi ilikuwa na vumbi la kijani, rangi ambayo ni aina chache mno za uyoga zilizo nayo: ulikuwa Chlorophyllum molybdites. Nikamkimbilia bibi na karatasi yangu.

Akaitazama kwa heshima, akanirudishia. "Na kama ulikuwa na njaa jana jioni?"