Nyumba za Kindu na majina ya waliozijenga

Leo naomba tuzungumze juu ya nyumba.

Kindu ni mji wa watu waliotoka mahali. Nasema hivyo kwa heshima ya Wasongola na Wagenya, waliokuwa hapa na mitumbwi yao kabla ya wengine. Lakini pita avenyu moja ya Kasuku au Mikelenge, piga hodi mlango kwa mlango. Huyu atakuambia koko wake alitoka Kibombo, yule Pangi, mwingine Kasongo, mwingine Kabambare. Vuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, utasikia hivyo hivyo.

Sababu ni mto na reli. Kutoka Ubundu mpaka hapa, Lualaba inabeba meli. Ukiendelea kupanda, mawe na maporomoko yanazuia njia. Ndiyo maana kampuni ya Wabeleji, CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga reli kutoka Kindu mpaka Kongolo, kilometa zaidi ya 350, ikamalizika mwaka 1911. Mji ukapewa jina la Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya baron Empain, tajiri aliyekuwa nyuma ya kampuni. Jina lake liliandikwa kwenye ramani. Majina ya waliobeba vyuma, waliokata kuni za meli na waliojenga nyumba za mitaa yetu hayakuandikwa popote. Yalibaki vinywani mwa watoto wao.

Koko wangu alikuwa mmoja wao. Alitoka upande wa Kibombo akaja kukata kuni. Nyumba yake ya kwanza Mikelenge ilikuwa ya fito na udongo, paa la majani. Ya pili ilikuwa ya matofali mabichi. Mabati yalikuja wakati wa baba yangu, kipande kwa kipande, kadiri mshahara ulivyopatikana. Kwetu mtu akitaka kueleza jambo la zamani husema: hiyo ilikuwa wakati wa majani, au hiyo ilikuwa wakati wa mabati. Hiyo ndiyo kalenda ya nyumba yetu.

Koko alikuwa Mwislamu. Dini hiyo ilifika Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pwani, watu wa Tippu Tip, waliokaa Nyangwe na Kasongo. Historia hiyo ina machozi mengi, maana biashara yao ilikuwa pembe za ndovu na watu. Mwaka 1893 askari wa Leopold waliteka miji hiyo miwili, utawala wa Waarabu ukaisha. Lakini sala ilibaki, na Kiswahili hiki tunachosema kilibaki. Koko mwanamke alikuwa Mkatoliki. Kanisa lake lilikua mbele ya macho yake: Kindu ilipata vikarieti mwaka 1956, ikawa jimbo mwaka 1959. Ijumaa mmoja alienda msikitini, Jumapili mwingine alienda misa, jioni wote walikula sombe kwenye sahani moja. Familia za namna hiyo ni nyingi hapa kwetu.

Halafu zikaja vita. Mwaka 1964 Wasimba waliingia mji. Oktoba 1998 RCD iliteka Kindu, na miaka iliyofuata watu wengi walikimbilia porini, sisi pia. Tuliporudi, tulikuta mtu mwingine anakaa katika parsele ya koko. Alikuwa na karatasi ya kununua. Sisi hatukuwa na karatasi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na mwenye haki ni yule aliyepewa hati. Koko alijenga miaka mingi kabla ya sheria hiyo, na hakujua kusoma.

Kilichotusaidia ni vitu viwili. Cha kwanza ni kitabu cha ubatizo. Parokiani walikuta majina ya shangazi zangu, ya wazazi wao, na ya mama wa ubatizo, ambaye alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Cha pili ni huyo jirani mwenyewe. Alikuwa mzee sana, alishikwa mkono kuletwa mbele ya wakubwa wa mtaa. Akaonyesha mchikichi wa mpaka, akaonyesha mahali alipozikwa mtoto wa kwanza wa koko, akataja aliyejenga kila upande. Tulirudishiwa nusu ya parsele. Nusu ya pili ilikuwa imekwisha kujengwa, wakubwa wakatuomba tuiache kwa ajili ya amani. Mama yule alifariki kabla ya miaka miwili kwisha. Kama kesi ingechelewa, tusingepata hata hiyo nusu.

Kwa hiyo ninyi mliotoka Kabambare, na ninyi mliotoka Kivu tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa 2025, nawaomba msingoje kurudi ndipo muanze kukumbuka. Tafuteni daftari. Andikeni jina la aliyejenga kwanza, alitoka wapi, paa lilikuwa la nini. Andikeni majirani wa pande nne. Andikeni miti, makaburi, chemchemi. Andikeni kanisa walipobatizwa watoto, au msikiti ilipofungwa ndoa, na majina ya mashahidi. Wazee wasiojua kuandika waseme, mjukuu aandike. Pigeni picha kwa simu, mtumie ndugu aliye mbali, maana daftari moja linaweza kuungua.

Na sisi wenyeji tuandike pia, kwa sababu zamu yetu ya kukimbia ilikwisha kupita mara nyingi, na hakuna anayejua kesho. Mkiwa mmekaa uani jioni, mwenye nyumba na mgeni wake, kila mmoja amuulize mwenzake koko wake alitoka wapi na alijenga na nani. Majina ya wazee watakaotajwa yaandikwe usiku huo huo, wangali hai wa kuyasahihisha.