Kiti cha Nahodha, Kando ya Mfereji wa Mboghoni



Safari ya wiki hii haikunipeleka visiwani bali bara, hadi Mboghoni katika eneo la Taveta, karibu na mpaka wetu na Tanzania. Nilikwenda kwa sababu ya kiti.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitumikia Jeshi la Wanamaji la Kenya katika kambi ya Mtongwe, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kushika usukani wa manowari. Alipostaafu, hakujenga Likoni kama wenzake. Alikwenda Mboghoni, kwao mkewe, akanunua shamba la migomba. Tulimzika huko. Baada ya khitma ya arubaini, mjane wake alinipigia simu. "Mwanangu," alisema, "njoo utusaidie. Kiti cha ami yako kimehamishwa, na maji hayafiki kwa majirani." Sikufahamu kiti na maji vilihusianaje, lakini mwito wa mkubwa haukataliwi, nikafunga safari.

Kutoka Mombasa tulifika Voi, tukaiacha barabara ya Nairobi na kushika ile ya kushoto, ipitayo Mwatate, Bura na Maktau. Baada ya Maktau barabara hukata mbuga ya Tsavo Magharibi, ardhi nyekundu na miiba pande zote mbili, na siku ikiwa safi Kilimanjaro huanza kuonekana mbele yako. Karibu na Taveta kuna kilima kidogo cha upweke, Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalikishambulia yakarudishwa nyuma na Wajerumani na askari wao. Waliokufa katika vita vile wana makaburi yao mjini Taveta hadi leo.

Kila tulipopita hapo pamoja na ami, alikuwa akinyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya mpaka, upande wa Kahe, na kusema: "Manowari ilifika pale." Nilidhani ni mzaha wa baharia aliyezeekea mbali na bahari. Baadaye nikajua kwamba alisema kweli, au karibu na kweli.

Manowari yenyewe ni Königsberg ya Ujerumani. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia meli ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Kisha ikajificha katika vijito vya mlango wa Rufiji. Waingereza waliitafuta, wakaizingira, na Julai 1915 wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziwezazo kuingia mtoni. Tarehe 11 Julai Königsberg ilipigwa hadi ikashindwa. Kapteni wake, Max Looff, alijeruhiwa, na meli ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe isije ikatekwa. Lakini mizinga yake kumi iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa bara kupigana vita vya nchi kavu. Mmoja ulifika Kahe, na Machi 1916 Wajerumani waliuharibu huko walipokuwa wakirudi nyuma. Msomaji wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali kuuona mwenzake: umewekwa Ngome ya Yesu, pamoja na mzinga wa Pegasus, mahasimu wawili sasa wakipigwa na jua moja.

Nilimwuliza ami siku moja, vita vinapopiganwa, nahodha wa manowari huketi wapi? Alicheka. Katika meli za zama za Königsberg, alisema, nahodha hakuketi. Alisimama, na risasi zikianza aliingia katika mnara wa chuma kinene wenye matundu membamba ya kuchungulia. Meli za leo zina kiti. Kimo ndani ya chumba cha mbele kilicho juu, ambacho mabaharia hukiita briji, na kimeinuliwa ili aketiye aone juu ya vichwa vya waliosimama. Mshika usukani yuko nyuma yake, ofisa wa zamu yuko karibu, na hakuna mwingine anayethubutu kukikalia hata kama kiko wazi usiku kucha.

"Na kiko upande gani?" nilimwuliza. "Aghalabu kulia," alisema. "Unajua kwa nini?" Nilijibu kwa haraka kwamba kulia ni upande wa heshima, kama tulivyolelewa. Akatikisa kichwa.

Akanieleza sheria ya njia za baharini, iliyoandikwa upya na mataifa mwaka 1972. Vyombo viwili vya injini vikikatizana, kile kinachomwona mwenzake upande wake wa kulia ndicho kinachopaswa kupisha. Taa za vyombo zimepangwa hivyo hivyo: kijani kulia, nyekundu kushoto. Kwa hiyo usiku, chombo kinachokukatia kutoka kulia kitakuonyesha ubavu wake wa kushoto, yaani taa nyekundu: njia ni yake, wewe mpishe. "Nahodha huwekwa kulia," alisema ami, "ili awe wa kwanza kumwona yule mwenye haki juu yake."

Akaongeza jambo lililonistaajabisha zaidi. Katika bahari iliyo wazi, chombo cha injini hukipisha chombo cha tanga. Manowari yenye mizinga, ikikutana na mashua ya mvuvi iliyotweka tanga, ndiyo inayogeuza njia. Ami alikuwa ameshika usukani siku kama hizo, na alisema nahodha wake hakuwahi kuona aibu kumpisha mvuvi.

Ili nisidhani kwamba kulia ni amri isiyobadilika, alinipa mfano wa meli za Marekani zinazobeba ndege. Humo kiti cha nahodha kiko kushoto, kwa kuwa mnara wa meli hizo umejengwa ukingo wa kulia, na uwanja wa ndege zote uko kushoto kwake. Na vita vikichacha, manahodha wengi wa leo hushuka kabisa kutoka kwenye kiti, wakaingia katika chumba kisicho na dirisha, penye mitambo ya kuonyesha adui. Kiti hufuata wajibu. Wajibu ukihama, nacho huhama.

Haya yote niliyakumbuka nilipoingia uani Mboghoni. Binamu yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha babake, kiti cha mbao cha kukunja kilichopauka kwa jua. Alikuwa amekiweka mahali pazuri, panapoikabili Kilimanjaro. Alinipokea kwa heshima, akaniagizia kahawa na ndizi. Kijana si mbaya. Alifiwa, akaachiwa nyumba, mama na wadogo watatu, akaona la kwanza ni watu wajue kwamba nyumba ina mkubwa. Wadogo zake walikwisha kuanza kutoa kila mmoja amri yake, na wahenga wamesema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Lakini zamani kiti kile hakikuwa barazani. Kilikuwa mwisho wa shamba, chini ya mwembe, mahali mfereji unapogawanyika: mkondo mmoja kwenye migomba yetu, mmoja kwa majirani walio chini. Mboghoni maji hugawanywa kwa zamu. Pale ndipo ami alipoketi kila alasiri, mgongo wake ukiuelekea mlima ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuutazama. Zamu ya jirani ikifika, aliinuka, akachukua jembe, akafungua njia ya maji. Tangu kiti kihame, hakuna aliyeiona zamu ikifika. Si kwamba binamu yangu aliwanyima watu maji. Aliketi tu mahali ambapo hawezi kuwaona.

Baada ya Sala ya Alasiri tulikaa sote, mjane akiwa kati yetu. Majirani wawili walikuja. Mmoja, mzee wa Kitaveta aliyekuwa rafiki wa marehemu, alisema migomba yake imeanza kukunja majani. Hakulaumu. Nilipopewa nafasi, sikutoa hukumu, kwani mimi ni mgeni pale na shamba si langu. Niliwasimulia tu habari ya kiti cha manowari: taa nyekundu, mvuvi mwenye tanga, na kwa nini kiti kiko kulia. Sikulitaja jina la mtu.

Binamu yangu alinyamaza kitambo. Kisha akamwuliza mama yake, "Baba hakuniambia haya mimi. Kwa nini?" Mama akajibu, "Hukumwuliza, mwanangu. Na yeye alidhani unaona."

Jibu hilo lilituchoma sote, nami zaidi, kwa kuwa nina watoto Mombasa ambao sijawaeleza kwa nini naketi ninapoketi.

Kabla ya Magharibi, mimi na binamu yangu tulikibeba kiti, yeye huku na mimi huku, tukakirudisha chini ya mwembe. Hakukikalia. Alichukua jembe akashuka mferejini, akaondoa udongo uliokuwa umeziba, na maji yakaanza kwenda chini polepole, yakibeba majani makavu. Yule mzee wa Kitaveta alikuwa amesimama shambani kwake akiyangoja. Binamu yangu alimwinulia mkono, naye akaitikia kwa kuinua wake.

Mabaharia huita zamu, na wakulima wa Mboghoni huita zamu. Neno ni lile lile. Kesho yake asubuhi nilianza safari ya kurudi pwani. Mwenyezi Mungu amlaze ami yetu mahali pema, na atupe sisi wakubwa wa nyumba macho ya kuwaona walio upande wetu wa kulia. Amin.