Varanasi, mji ambao wagonjwa huenda kufia

Katika mji wa Varanasi, kaskazini mwa India, ipo nyumba ya wageni inayopokea watu waliobakiwa na siku chache za kuishi. Inaitwa Mukti Bhawan, yaani Nyumba ya Ukombozi, na ilifunguliwa mwaka 1958. Mgonjwa huja na ndugu zake na kupewa chumba kwa wiki mbili. Muda huo ukipita na bado yu hai, kwa kawaida huombwa ampishe mwingine.

Humo hamna daktari wala dripu. Kuna makuhani wanaosoma sala, nyimbo za ibada, maji ya mto Ganga na jani la tulsi, mmea wa jamii ya mrihani, ambalo huwekwa mdomoni mwa anayekata roho.

Asiyejua imani ya Wahindu anaweza kuona huo ni ukatili. Kwao, roho haifi. Mwili ukifika mwisho, roho huzaliwa katika mwili mwingine, na maisha yajayo hutegemea karma, yaani matendo ya mtu. Mzunguko huo huitwa samsara, na kutoka ndani yake ndiyo moksha, shabaha kuu ya muumini. Njia yake ni ndefu: kutimiza wajibu, kufanya ibada, kutafakari. Lakini inaaminika kuwa anayefia Varanasi, au Kashi kwa jina lake la kale, hunong'onezwa sikioni na mungu Shiva maneno ya kumvusha, na hazaliwi tena.

Kando ya mto kuna ngazi za mawe zaidi ya 80 zinazoitwa ghat. Alfajiri watu huoga hapo, hufua, na huteka maji kwa viganja na kuyamimina wakilielekea jua. Kwenye ngazi ya Manikarnika, moto wa kuchomea maiti huwaka usiku na mchana, ukitunzwa na watu wa jamii ya Dom. Mwili huletwa kwa machela ya mianzi na kuchovywa mtoni. Kwa desturi, mtoto wa kiume mkubwa, akiwa amenyoa nywele na kuvaa nguo nyeupe, ndiye huwasha kuni. Baada ya saa kadhaa majivu hukabidhiwa mto.

Kuni huuzwa kwa uzito, na mwili mmoja huhitaji kilo mia kadhaa. Familia maskini huelemewa. Ngazi ya Harishchandra ilijengewa tanuri la umeme lenye gharama nafuu, ingawa wengi bado huchagua kuni.

Mto wenyewe unaumwa. Serikali ya India ilianza mpango wa kuusafisha mwaka 1986, lakini majitaka ya miji bado huingia humo. Kwa muumini, Ganga ni mama, na uchafu hauondoi utakatifu wake. Hata hivyo, vijidudu vya kuhara havichagui mcha Mungu.

Swali gumu zaidi ni la maumivu. Mgonjwa wa saratani anaweza kuingia siku zake za mwisho akiwa na sala bila dawa ya kumtuliza. Tiba shufaa haiongezi wala kupunguza imani. Inampa mgonjwa utulivu wa kuisikia hiyo sala. Vyote viwili vinaweza kukaa chumba kimoja.

Wahindu wa Dar es Salaam, ambao mahekalu yao yapo Mtaa wa Kisutu, nao huchoma maiti zao, na wapo Wahindu wanaoishi ng'ambo wanaosafirisha majivu hadi Ganga.

Jambo moja la Varanasi linazihusu familia za dini zote: mara nyingi safari hiyo huombwa na mgonjwa mwenyewe, akiwa bado na kauli. Katika nyumba nyingi, mzee huulizwa anataka nini wakati hawezi tena kujibu, na watoto hubaki kugombana koridoni mwa hospitali.