Nani Ameshinda?

Mchezo ambao kanuni zake hubadilishwa na wachezaji wenyewe huonekana kama utani, mpaka mmoja wao akaribie kushinda. Hapo ndipo tabia za watu hujitokeza.

Mchezo huo waitwa Nomic. Aliubuni Peter Suber, mwanafalsafa wa Marekani, na jarida la Scientific American likautangaza Juni 1982. Katika zamu yake, mchezaji hupendekeza kanuni iongezwe, ifutwe au irekebishwe. Kura hupigwa, kisha yeye hutupa dadu. Wa kwanza kufikisha alama 100 ndiye mshindi. Mwanzoni kila badiliko lataka kura za wote. Baada ya mizunguko miwili, wingi wa kura watosha. Hata hiyo 100 yaweza kubadilishwa.

Jioni moja tulikuwa watano mezani, na mizunguko miwili ilikwisha pita zamani. Mwenzetu mmoja alikuwa na alama 93. Jirani yake akapendekeza ushindi uwe alama 150. Yule akaruka: "Wizi huu, bwana! Kanuni zakataza badiliko kurudi nyuma." Akajibiwa kwamba harudishwi nyuma mtu ambaye hajafika. Kwa maandishi, jibu lile lilikuwa sahihi. Hata hivyo nilipinga, nikashauri kwamba badiliko lolote la ushindi lianze katika mchezo ujao. Tulishindwa, kura tatu kwa mbili. Tangu hapo kila mtu alipiga kura akitazama alama zake, si kanuni.

Ndugu msomaji, usiseme ni mchezo tu. Juni hiyohiyo ya 1982, Bunge la Kenya liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A, chama halali kikawa kimoja. Kilifutwa mwaka 1991. Mwaka uliofuata, uchaguzi ukikaribia, iliongezwa kanuni kwamba mshindi wa urais apate pia angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kumtaka mgombea akubalike nje ya kwao ni jambo jema. Lakini waliopitisha ni wabunge wa chama kimoja, ambacho chenyewe kilikuwa kikijiandaa kushindana. Katiba ya 2010, inayodai zaidi ya nusu ya kura zote, iliamuliwa na wananchi kwa kura ya maoni, zaidi ya miaka miwili kabla ya uchaguzi uliofuata.

Nami nasimama palepale: kanuni ya ushindi iwekwe wakati hakuna ajuaye nani ataongoza.