Nasaba ya Wimbi: Kromosomu 36 Shambani Asembo

Wimbi, nafaka ambayo Waluo huiita kal, lina kromosomu 36. Jamaa yake, Eleusine indica, nyasi inayoota kando ya njia na uani Asembo Bay, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ina 18. Hapo kale nyasi mbili za jenasi ya Eleusine, kila moja yenye kromosomu 18, zilichavushana. Chotara wa aina hiyo kwa kawaida huwa tasa: chavua inapotengenezwa, kromosomu za mama hazipati wenzi upande wa baba. Zilipojirudufu, kila moja ilipata mwenziwe na mmea ukazaa. Hiyo ndiyo asili ya wimbi-mwitu, ambalo wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki walilichagua vizazi kwa vizazi hadi likawa zao.

Huko Asembo zinakumbukwa enzi ambazo wimbi na mtama vilikuwa chakula kikuu, na palizi ilitaka macho makali. Mbegu zilitawanywa kwa mkono, miche ikaota bila mistari. Eleusine indica ilitambulika kwa shina: chini ni bapa na jeupe, na kuling'oa ni kazi. Wimbi-mwitu lilidanganya hadi kukomaa. Hapo vidole vyake vyembamba vilipukutisha mbegu kabla ya kisu kufika, huku wimbi la shambani likikunja vidole na kushikilia punje zake. Kwa kuwa yote mawili yana kromosomu 36, huchavushana kwa urahisi, na machotara wao walirudi shambani msimu baada ya msimu. Wapalizi, wengi wao wanawake, waliijua tofauti hiyo vyema kabla haijaandikwa.

Vitabuni ilichelewa. Baadhi ya wataalamu walilichukulia wimbi kuwa mtoto wa moja kwa moja wa Eleusine indica. Mwaka 1957 mtaalamu wa mimea Kennedy-O'Byrne alilipa wimbi-mwitu jina lake, Eleusine africana. Mwaka 1988 Khidir Hilu, akichunguza DNA ya kloroplasti, ambayo hurithiwa kwa mama, alionyesha kwamba ukoo wa Eleusine indica ndio upande wa mama. Baba hajathibitishwa miongoni mwa nyasi zilizo hai.

Katika karne ya 20 mahindi yalitwaa sehemu kubwa ya mashamba ya Asembo, na wimbi likabaki zaidi la uji. Aina zilizoboreshwa kama P-224 na U-15 sasa hupandwa kwa mistari, hivyo mche ulioota nje ya mstari hung'olewa mapema. Hata hivyo wimbi-mwitu linastahili kuhifadhiwa: kwa idadi ileile ya kromosomu, sifa zake zinaweza kuhamishiwa kwenye zao kwa uchavushaji wa kawaida.