Fomu Moja, Kitufe Kimoja

Wengi wanaoanza JavaScript huniuliza wafanye zoezi gani ili waelewe matukio ya kivinjari. Jibu langu ni hili: tengeneza fomu yenye kisanduku kimoja na kitufe kimoja, basi.

Zoezi linaonekana dogo, lakini hebu sikiliza. Mwaka 2023 niliombwa kukagua ukurasa wa michango wa chama kimoja cha akina mama. Shilingi 500 za mtu mmoja zilikuwa zikiandikwa mara mbili, na pesa zilizopo hazikulingana na hesabu. Wenzake wakaanza kumshuku mweka hazina. Kumbe hakuna aliyeiba! Mtandao ulikuwa unajikokota. Mtu akibofya "Tuma" asione kitu, anabofya tena.

Sasa zoezi lenyewe. Kisanduku kipe required. Kwa addEventListener, sikiliza click kwenye kitufe na submit kwenye fomu, na kila moja iandike jina lake kwa console.log. Ndani ya submit weka preventDefault(), ili ukurasa usijipakie upya na kufuta ulichoandika.

Bofya kitufe huku kisanduku kikiwa kitupu: click inatokea, submit haitokei, kwa sababu kivinjari kimeikataa fomu. Jaza 500 ubofye: zinatokea zote mbili. Sasa acha kipanya, ubonyeze Enter ukiwa ndani ya kisanduku. Click inatokea tena ingawa hukubofya! Kivinjari ndicho kimekubofyia.

Mwisho, bofya mara tatu upesi. Submit tatu, yaani michango mitatu. Ongeza kitufe.disabled = true ndani ya submit, kisha urudie. Safari hii ni moja tu. Ukiuweka mstari huo kwenye click, aliyesahau kujaza kisanduku atabaki na kitufe kilichokufa. Na kumbuka kukifungua jibu likirudi, hata likiwa la kushindwa.

Seva nayo lazima ikague kivyake, maana kuna atakayepakia ukurasa upya na kutuma tena.

Ukishaelewa haya, nenda React ukitaka. Huko utakuta onClick na onSubmit, na swali ni lile lile: mtu amefanya nini hasa, na mara ngapi?

Haya, kazi kwenu.